Kwa nini tunasema "kupatana bei" hata pale ambapo bado tunavutana?

MamaDoti ameuliza:

Wakuu habari zenu, na wakubwa wote shikamooni.

Mimi nauza khanga na vitenge hapa Morogoro. Zamani nilikuwa nazungusha majumbani na mzigo kichwani, siku hizi zaidi ni kwa simu: napiga picha, narusha kwenye magrupu, na chini naandika "bei ni maelewano" kama wanavyoandika wenzangu wote. Juzi mteja wa Nairobi kaniuliza kama naruhusu "kubageini". Nikamwelewa, tukaenda vizuri, akachukua doti nne. Ila binti yangu wa kidato cha tatu, ambaye kazi yake humu ndani ni kunisahihisha, akasema ningemwambia huyo mteja atumie Kiswahili. Kiswahili chake ni kipi? Akanijibu bila kuinua macho kwenye daftari: kupatana bei.

Mimi nikakataa. Kupatana ni mwisho wa safari. Watu wakishapatana hawana tena la kusema, mmoja anatoa hela, mwingine anafunga mzigo. Mume na mke waliokuwa hawasemezani wakisuluhishwa, tunasema wamepatana. Sasa yale ya katikati je? Kuna mama anaanza na "elfu kumi na tano, khanga gani hii, imefumwa kwa dhahabu?", kisha anageuka kama anaondoka, anarudi kushika pindo, anauliza kama rangi haichuji, anataja elfu tisa huku anaangalia pembeni kama vile si yeye aliyesema. Huo mchezo wote unaitwaje kwa neno moja?

Na swali la pili: kupatana kunatoka kwenye kupata? Kama ndiyo, basi lugha imenionea. Nikipunguza elfu mbili mimi sijapata kitu, nimepoteza.

Tafadhali msiniletee "kujadiliana bei". Watu wanajadiliana bungeni. Sijawahi kusikia mteja akiniambia "mama, naomba tujadiliane kuhusu kitenge hiki".

Naomba kuwasilisha.

---

WingaMsimbazi amejibu:

Mama, shikamoo. Huo mchezo wa katikati huku Kariakoo hauna jina kwa sababu hakuna mwenye muda wa kuupa jina, hahaha. Mteja wa siku hizi neno lake la kwanza ni "mwisho ngapi?" Mwanzo wenyewe hajauliza! Ukimtajia anasema "hiyo ni ya kwenye tangazo, niambie ya kuniuzia". Ukishuka kidogo anakwambia duka la pili ameachiwa kwa chini ya hapo, na mimi duka la pili nimetoka huko sasa hivi, najua kabisa hakuachiwa.

Maana sisi mawinga hatuna duka. Tunasimama njiani, tunampokea mteja, tunampeleka kwenye duka la mtu, na juu ya bei ya mwenye mali tunaweka cha juu chetu. Kwa hiyo anayevutana na mimi anavutania cha juu, mwenye duka amekaa zake anakunywa chai. Ndiyo maana maneno ya kwenye matangazo tunayasoma tofauti na ninyi. "Maongezi yapo" ni kwamba cha juu kipo na kinaweza kunyolewa. "Bei haipungui" ni mwenye mali mwenyewe anaongea, au ni winga aliyekwishachoka. Na "bei ni maelewano" bila kutaja hata tarakimu moja, mama nisamehe, hiyo ni kwamba muuzaji anataka kwanza akusikie unaongeaje ndipo akupangie.

Neno moja la mchezo wote silijui. Sisi tunasema tu "kuvutana". "Tumevutana naye weee, mwisho nimemwachia."

---

KaraniMstaafu amejibu:

Bibie MamaDoti, marahaba. Binti yako yuko sahihi, lakini swali lako ni kubwa kuliko jibu lake, kwa hiyo nitaandika kirefu. Mwenye haraka aruke.

Nilikuwa karani wa mnada Tanga. Dalali alikuwa anapiga kelele, mimi nimekaa pembeni na daftari naandika kitu, jina na kiasi. Ukikaa kwenye kiti kile, masikio yanazoea namna watu wanavyosema bei kuliko bei zenyewe.

Anza na nyakati, maana wengi wanaopinga neno hili wanalisoma bila kiambishi chake. Ukisema "wamepatana", na kiambishi -me-, basi ni kama ulivyosema wewe: mambo yamekwisha, mzigo unafungwa. Lakini mtu akipita akauliza wale wawili pale wana nini, utamjibu "waache, wanapatana bei". Hapo hakuna kilichokwisha. Yule mama wako ameshika pindo, wewe umekunja uso, na tayari mnapatana. Kwa hiyo neno la mchezo wa katikati lipo, ni lilelile, ila limevaa -na- badala ya -me-. Na wakishindwa tunasema "hawakupatana", yaani mchezo ulichezwa, goli halikuingia. Lugha nyingine zina neno la mvutano na neno la makubaliano, kila moja na shina lake. Sisi tumechukua shina moja tukaliachia kiambishi cha wakati kifanye kazi.

Kuhusu kupata: ndiyo, linatoka hapo, na hujaonewa. Sisi tumezoea kupata kwa maana ya kuingiza, kupata hela, kupata kazi. Shina lenyewe ni la zamani sana katika lugha za Kibantu, na maana yake ya kale ni kushika. Kizulu mpaka leo "phatha" ni kushika, kubeba mkononi. Hata kwetu dalili zimebaki. Kisu kikali tunasema kinapata, kikiwa butu hakipati: kinashika au hakishiki ile nyama. Homa ikikuingia umepatwa na homa, na jua likifunikwa limepatwa. Hakuna faida katika kupatwa kwa jua. Basi kupatana ni kushikana: mimi nimelishika neno lako na wewe umelishika langu. Elfu mbili zako hazimo humo.

Sasa tazama mkia wake, -ana. Kupatana, kuelewana, kusikizana, kukubaliana, kuafikiana, kuuziana. Yote ya kutendana. Huwezi kupatana peke yako chumbani. Na mkia huu ulivyo na nguvu, hata maneno ya kigeni yakifika yanauvaa. Kubali na afiki ni ya Kiarabu, yamepewa -ana yakawa ya kwetu. Hata hiyo "kujadiliana" uliyoikataa (na mimi naikataa pamoja nawe, inanuka ofisi): Kiarabu "jaadala" tayari kina mtu wa pili ndani yake, ni kubishana na mwingine. Mswahili hakuridhika, akamwongeza tena kwa mkia.

Na unapoomba kupunguziwa, mkia unabadilika. Kupungua ni kwa bei yenyewe. Kupunguza ni kwa muuzaji. Kupunguzia ni kwa ajili ya mtu fulani. Mteja hasemi "punguza", anasema "nipunguzie". Anakuomba ushushe kwa ajili yake yeye, kesho mwingine akija bei irudi palepale. Ndiyo maana neno hilo huambatana na udugu wa ghafla: nipunguzie dada, nipunguzie mjomba wangu. Watu ambao saa moja nyuma hawakujuana.

Jambo linalonifurahisha kuliko yote ni hili. Ukikusanya majina ya vitu vya sokoni, karibu yote yalikuja na jahazi. Bei ni "bay'" ya Kiarabu, na kule maana yake si kiasi cha fedha bali ni tendo la kuuziana. Kwetu tendo likageuka kuwa tarakimu. Thamani, faida, hasara, bidhaa, ghali, soko, jumla, deni, vyote Kiarabu. Rahisi nayo: kule ni ya bei ndogo tu, haihusiani na mtihani rahisi. Sisi tukaipa kazi mbili mpaka ikamsukuma nje mwenzake "sahali", ambaye siku hizi utamkuta kwa washairi.

Lakini njoo kwenye vitendo. Kuuza, kununua, kulipa, kukopa, kupata, kupunguza, kuongeza. Hapo Mwarabu hayumo. Tazama kuuza peke yake. Kwa ndugu zetu wengi wa Kibantu kununua ni "kugula" au "kugura": Msukuma anasema kugula, Mnyarwanda kugura. Mnyarwanda akitaka kusema kuuza anaweka kiambishi cha kusababisha, "kugurisha", yaani kumfanya mwingine anunue. Kuuza kwetu kumetengenezwa hivyohivyo, kutoka kwenye kununua kwa zamani ambako sisi tulikuacha tukabaki na kusababisha kwake. Na kule kununua kwa kale hakukupotea kabisa: gulio unalolijua, soko la siku maalumu, ni mahali pa kugula.

Kiarabu kina neno lake la mvutano wa bei, "musawama". Wanaoshughulika na benki za Kiislamu hapa kwetu wanalijua, maana linatofautishwa na "murabaha", ambayo muuzaji lazima akutajie kwanza yeye alinunua kwa kiasi gani na faida anayoweka. Neno hilo lilikuwa kwenye majahazi yaleyale yaliyoleta bei na faida. Hatukulishusha. Bidhaa tulipokea kwa majina yao, lakini namna ya kuzungumza na mteja tulikuwa nayo.

Yapo machache ya vitendo yaliyovuka, nisije nikashambuliwa: kudai, na kunadi. Kunadi ni kuita kwa sauti, na ndiyo iliyozaa mnada. (Wanasiasa wanaponadi sera wanasema kweli kuliko wanavyodhani.) Dalali naye ni ndugu wa dalili, shina moja: ni mwonyeshaji, anayekuelekeza mali iliko.

Na mnada, kwa mtu aliyekaa ndani yake, ndio kinyume hasa cha kupatana. Bei inapanda tu, haishuki. Hakuna "nipunguzie". Mmoja anashinda, waliobaki wanashindwa, dalali anahesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nami naandika. Hakuna -ana. Lakini nikufahamishe nilichokuwa nakiona kila mara. Kuna mnada mmoja iliuzwa cherehani ya kanyagio. Fundi mmoja aliitaka kwelikweli, mkono unapanda, macho kwenye gurudumu. Akapitwa na mtu mwenye koti ambaye hajui hata sindano inaingia upande gani. Nikaandika jina la mwenye koti. Nilipotoka jioni, wote wawili walikuwa nje ya geti, cherehani katikati yao chini, fundi amepiga goti anazungusha gurudumu kwa kidole taratibu, anasema mkanda umechoka, sahani ina kutu, na mwenye koti anasema aliyechoka ni wewe. Mnada ulikuwa umekwisha. Pale ndipo walipokuwa wanapatana.

---

WingaMsimbazi amejibu:

Mzee wangu, huyo mwenye koti ni winga. Wa zamani tu.

---

MamaDoti amejibu:

Shikamoo tena mzee karani. Nimemsomea binti kwa sauti, amefurahi mno, kwa hiyo nyumba hii haitakalika wiki hii.

Hiyo ya -na- na -me- imeniingia. Nimejijaribu: "tunapatana", "tumepatana", "hatujapatana". Kweli, yote nayasema kila siku na sijawahi kuyapanga mstari. Lakini nina tatizo ambalo -me- haliniokoi. Nikiwa uso kwa uso, tukishapatana tumepatana. Kwenye simu mtu ananivuta saa nzima, nashuka, nashuka, anaandika "sawa mama tumepatana, nakutumia hela sasa hivi", namwekea mzigo pembeni, wengine nawaambia umeshachukuliwa. Kisha kimya. Kesho yake naona yuko hewani anaweka picha za harusi. Tumepatana au hatukupatana?

Na zamani ilikuwaje, hizi doti zilipatanwaje kabla ya simu?

---

MwanaMvita amejibu:

Salamu kutoka Mombasa, dadangu. Huku kwetu pia tunasema kupatana, hiyo "kubageini" ni ya watu wa bara, ijapokuwa vijana wa Kongowea nao washaishika. Mwenye kuuza huku hakwambii maongezi yapo. Akwambia "ongeza hamsini uchukue". Yaani ushafika karibu, usiende zako.

Kwa hilo la mteja aliyenyamaza, wanazuoni walilizungumza kabla hakujakuwa na simu. Iko hadithi sahihi, ya Bukhari na Muslim, kwamba wenye kuuziana wawili wana hiari maadamu hawajaachana. Yaani mkiwa mko pale pale mahali pa mauzo, hata kama mshasema nimeuza na nimenunua, kila mmoja ana haki ya kugeuza. Mkishaachana, biashara imefunga. Na hapo ndipo neno hiari lilipo na uzito wake wa sokoni. Leo tunalisema "hiari yako" kama mtu anayekutupia mkono, lakini katika kuuziana ni haki yenye mipaka. Katika simu sasa, kuachana ni lini? Wengine husema ni mazungumzo yanapokatika mkahamia jambo jingine. Basi dada, picha za harusi ni kuachana tosha! Yule amefunga, na mzigo ni wake, na deni ni lake. Kumpata ndiyo kazi.

Na mzee karani, kwa heshima, umesahau mapatano makubwa kuliko yote. Usiku wa Miraji, Mtume alipopandishwa mbinguni, swala zilifaradhishwa 50. Nabii Musa akamwambia Mtume wetu (s.a.w.) arejee akaombe zipunguzwe, umma hautaweza. Akarejea, akarejea, mpaka zikabaki 5. Na lile neno la Kiarabu la kuombea ni "takhfifu", shina moja na hafifu yetu. Kupunguziwa mzigo uwe mwepesi. Kwetu hafifu imeshuka cheo, leo ni kitambaa kibovu.

---

KaraniMstaafu amejibu:

Sheikh MwanaMvita, sikusahau, nilikuachia. Na wasomaji wa Biblia wanayo yao katika Mwanzo 18: Ibrahimu anaiombea Sodoma, anaanza na wenye haki 50, anashuka 45, 40, 30, 20, anaishia 10. Angalia jinsi anavyoshuka. Mwanzo anapima kwa watano tu, akiona hakatazwi anaanza kuruka kumi kumi. Na mara nyingi anaomba radhi kabla ya kutaja. Wateja wengi wazuri hufanya hivyohivyo bila kufundishwa.

Bibie, umeuliza doti zilipatanwaje. Umejiita jina zito. Katika misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, doti ilikuwa kipimo cha nguo, yadi 4, sawa na shuka mbili. Nguo hizo ndizo zilizokuwa fedha ya njiani: merikani, nyeupe iliyofumwa Marekani na ndiyo ikaitwa hivyo, na kaniki, ile nyeusi ya bluu ya kutoka India. Msafara ukifika Ugogo haukupita bure. Mtemi wa mahali alidai hongo, na hapo kupatana kulikuwa kazi ya siku kadhaa, si ya dakika. Mtemi anataja doti zake. Mkuu wa msafara anatuma wajumbe na pungufu. Nguo zinarudishwa, hii nyepesi, hii haina rangi ninayoitaka. Wajumbe wanakwenda tena na nyongeza. Mwenye haraka alikuwa ameshindwa tangu mwanzo, kwa sababu wapagazi wake wanakula kila siku na Ugogo ni nchi ya maji machache. Mtemi yeye alikuwa nyumbani kwake.

Hongo ile ilikuwa ushuru wa wazi, mchana, mbele ya watu. Leo neno lilelile ni la chini ya meza, na ukiitoa utaitwa na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa. Lilikuwa na kupatana ndani yake, na bado linayo, hiyo ndiyo taabu.

Ukitaka kingine cha namna hiyo, yamo "ulanguzi" na "bei ya kuruka", yaani bei ya magendo, juu ya ile ya serikali. Wakati wa bei za serikali, ilipokuwepo Tume ya Bei, dukani hakukuwa na kupatana kabisa. Bei iliandikwa, na kitu hakikuwepo. Kupatana kukahamia mlango wa nyuma, kwa sauti ya chini, na aliyeuza huko aliitwa mlanguzi. Kulangua ni kununua kwa wingi ili uuze kwa faida, jambo ambalo wewe unalifanya kila ukifuata mzigo Dar. Mwaka 1983, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, walanguzi walisakwa nchi nzima, na kuna watu walitupa sabuni na vitenge usiku ili wasikutwe navyo. Mpaka leo mtu hawezi kujiita mlanguzi kwa furaha, anajiita mfanyabiashara wa jumla.

Sasa mteja wako wa harusi. Dawa yake ni ya zamani kuliko sisi sote: arabuni. Pesa kidogo ya mbele, inayofunga neno. Neno hili ni la kale mno, limo katika Kiebrania, likapanda meli na wafanyabiashara wa Mashariki ya Kati likaingia Kigiriki na Kilatini, na kwetu likaja kwa Kiarabu. Wakristo wanalisoma katika barua za Paulo, arabuni ya Roho, na wengi wanadhani ni neno la kanisani. Ni la sokoni. Akikwambia tumepatana, mwambie alete arabuni, ndipo uondoe picha.

Ila angalia na wewe unavyoishika, kwa sababu shina hilohilo ndilo lililotupa "kurubuni". Mtu anapewa kidogo cha mbele, anatulia, anaamini, na hapo ndipo anapoliwa. Lugha imewaona wauzaji na wanunuzi wote wawili.

---

MwanaMvita amejibu:

Ahsante mzee. Nongeze moja tu kabla dada hajaanza kuitisha arabuni. Mteja akighairi, ile arabuni ni ya nani? Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu wengi hapa pwani, hawakubali muuzaji aile bure. Wao na wengi wa maimamu wasema irudishwe. Hanbali wao waijuzisha: umeghairi, imekwenda. Kwa hivyo andika mapema, kabla ya kupokea, kama hurudishi.

---

MamaDoti amejibu:

Mimi ni Mkristo wa Morogoro lakini kwa hili naona nitakuwa Hanbali.

Sawa, naandika kwenye tangazo: arabuni elfu tano, hairudi, na mzigo nauweka siku tatu. Na pale juu nafuta "bei ni maelewano", winga amenitia aibu. Naweka kumi na tano, kisha mwenye kutaka aniambie nimpunguzie.

---

WingaMsimbazi amejibu:

Weka kumi na nane, mama. Kumi na tano utapatana na nini?